Sanaa ya wiki mbili haitaki kulipuliwa

Kwa wanaosimamisha kazi za sanaa nje, neno "ya muda" limegeuka kichaka cha kujifichia. Turubai limechanika kabla ya Jumapili, fito zimelalia nguzo ya umeme, na jibu ni lile lile: si ilikuwa ya wiki mbili tu? Hoja hiyo haina mashiko. Upepo hauulizi kazi itakaa siku ngapi.

Mwaka 2005 wasanii Christo na Jeanne-Claude walisimamisha malango 7,503 yenye vitambaa vya rangi ya zafarani katika bustani ya Central Park, New York. Yalikaa siku 16. Hawakuchimba shimo chini ya nguzo hata moja. Kila nguzo ilikalia kitako cha chuma kinachozidi kilo 270. Gharama na jasho jingi viliingia kwenye vitako hivyo, kitu ambacho hakuna mtu aliyekuja kukitazama.

Iringa chuma hicho hatuna, ila mianzi, mchanga na madumu vipo. Tuseme unataka kusimamisha pazia la upana wa mita 2 na kimo cha mita 3. Hizo ni mita za mraba 6. Upepo wa kilomita 70 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 20, kwa hiyo pazia zima linasukumwa kwa kilo 120, tena katikati ya kimo chake. Mawe mawili miguuni ni mapambo tu. Toa miguu ya mita 1 mbele na mita 1 nyuma, kisha funga madumu matano ya lita 20 yaliyojaa mchanga kila upande. Dumu moja ni kama kilo 30. Kosa linalorudiwa ni kuweka mzigo wote nyuma: upepo ukigeuka, kazi inalala chini.

Afadhali zaidi, achana na turubai. Neti ya kivuli, ile ya kufunikia vitalu vya miche, hupitisha upepo, na jua likiwa nyuma yake rangi zinaonekana vizuri kuliko kwenye plastiki. Kutoboa turubai vitundu vichache hakusaidii kitu, kunaanzisha mpasuko.

Mwanzi una adabu zake. Ukiupiga msumari unapasuka kufuata nyuzi zake hadi kwenye fundo. Ukiufunga kwa waya ungali mbichi, ndani ya siku chache unasinyaa na fundo la waya linacheza. Dawa ni tyubu kuukuu ya tairi: kata ukanda wa upana wa sentimita 3, uvute mpaka uwe mwembamba, zungusha kimsalaba mara nane hivi, kisha pachika ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Mwanzi ukisinyaa, mpira unaufuata. Bungua wanaotoboa mianzi wasikunyime usingizi, kwa wiki mbili hawatafika mbali. (Na usikate mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, bila kupatana na mwenyewe, huo ni mradi wa mtu.)

Kuhusu majira, mvua za Novemba hadi Aprili zinatusukumia kwenye kiangazi, na kiangazi ndicho chenye upepo, hasa kwenye mji uliokaa juu ya kilima kama huu. Juni na Julai asubuhi ni baridi na umande, basi rangi ya maji ipakwe kuanzia saa nne. Ikipakwa mapema haishiki, inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Kibali cha halmashauri ni lazima, na kama ni kando ya barabara ujue kwanza ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa). Kwenye barua ya kuomba kibali andika tarehe ya kubomoa na nani atabomoa, na hela ya kibarua itengwe kabla ya kununua rangi. Siku yenyewe ikifika, anza na neti, kisha kata tyubu kwa kisu ukianzia juu, fito mbili zikiwa zimeshikiliwa na watu. Madumu yamwagwe mwisho kabisa.