Anayebaki na PHP hajalala

Developa mchanga wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hachelewi kupewa ushauri huu: achana na PHP (lugha ya kuandikia tovuti upande wa seva), imezeeka, kajifunze React, Next.js (zana za JavaScript za kujengea tovuti) au chochote kinachovuma mwezi huo. Akikataa, huonekana mvivu au mwoga. Ushauri wenyewe una ukweli ndani yake, ila unamchanganya mtu aliyekwama na mtu aliyebaki kwa sababu bado anachimba. Hawa wawili hawafanani hata kidogo.

Wanaohama wapewe haki yao kwanza. Matangazo ya kazi za mbali zinazolipa kwa dola hutaja TypeScript (JavaScript yenye aina za data), React na Node (inayoendesha JavaScript kwenye seva) kila kukicha, na mara nyingi mchujo wa awali hufanywa na afisa ajira asiyeandika msimbo, au na programu inayosaka maneno hayo kwenye wasifu. Neno lisipoonekana, wasifu haufiki mbali, hata uwe fundi wa kiasi gani. Anayetaka kutengeneza programu za simu naye hana budi kushika Flutter au Kotlin, maana PHP haitamchorea skrini ya Android. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi hawezi kuambiwa alipuuze soko.

Lakini tazama umri wa hivyo vitu vinavyokimbiliwa. AngularJS, fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) ya Google, ilitoka mwaka 2010, ikawa ndiyo habari ya mjini. Mwaka 2016 ikaja Angular 2, iliyoandikwa upya kabisa, na msimbo wa zamani haukuweza kuhamia huko bila kuandikwa upya nao. Mwisho wa 2021 Google ikaacha kuihudumia ile ya kwanza. Vue 2, fremuweki nyingine ya aina hiyo, ilifikia ukomo wake tarehe 31 Desemba 2023. React yenyewe si ya jana, ina zaidi ya miaka kumi, na haikuwatupa watu kwa ukatili huo. Hata hivyo mwaka 2019 ilibadilisha namna ya kuandika vijenzi (vipande vya ukurasa), na Create React App, kifaa ambacho karibu kila somo la mtandaoni lilianzia hapo, kilitangazwa Februari 2025 kwamba hakipendekezwi tena kwa miradi mipya. Sasa linganisha na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Ilikubaliwa kuwa lugha sanifu Marekani mwaka 1986, na JOIN (amri ya kuunganisha majedwali) uliyojifunza leo itakuwa JOIN ileile utakapokuwa unawafundisha wengine. HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti), Linux (mfumo endeshi wa seva nyingi) na Git (kitunza historia ya msimbo) nazo hazikuhamishi nyumba kila baada ya miaka mitatu.

Watetezi wa PHP hupenda kujibu kwa takwimu moja: zaidi ya asilimia 70 ya tovuti ambazo lugha yake ya upande wa seva inajulikana, kwa hesabu za W3Techs wanaopima teknolojia za tovuti, zinatumia PHP. Takwimu ni ya kweli, ila inasema machache kuliko wanavyodhani. Inahesabu tovuti, haihesabu mishahara. Blogu ya WordPress (programu ya kujengea tovuti iliyoandikwa kwa PHP) iliyoachwa tangu harusi ya mwenyewe inahesabiwa moja, sawa na mfumo wa kampuni yenye wafanyakazi elfu. Sehemu kubwa ya asilimia hiyo ni WordPress, na nyingi ya tovuti hizo hazimlipi developa yeyote. Kwa hiyo asiingie mtu kwenye PHP kwa kuhesabu tovuti. Ahesabu kazi zilizo karibu naye: maduka yanayouza mtandaoni, shule na vyuo vinavyoendesha Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ulioandikwa kwa PHP, SACCO zenye mfumo uliojengwa na mtu aliyeshaondoka, na wateja wenye seva ya bei nafuu ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) ambako PHP huwekwa kwa kupakia faili tu.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kubaki inaonekana pale fedha zinapoingia kwenye mfumo. Chukua kazi ambayo kila developa wa Kenya atakutana nayo: kupokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa. Unatuma ombi, simu ya mteja inatoa kidirisha cha PIN, na seva yako inapata jibu la papo hapo lenye ResponseCode 0. Anayeanza huona sifuri hiyo, akaandika kwamba oda imelipwa. Hapo ndipo duka linapoanza kutoa bidhaa bure. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa; mteja bado hajagusa PIN. Matokeo halisi huja baadaye, yakitumwa kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja kwenye ombi, yakiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati.

Sasa jibu hilo la pili linaweza kuja mara mbili, au lisije kabisa kwa sababu seva yako ilikuwa imezimika dakika ile. Developa wa haraka haraka huandika hivi: tafuta namba ya risiti kwenye jedwali, usipoiona, iingize kisha ongeza salio. Majibu mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yanatafuta, yote hayaoni kitu, yote yanaongeza. Mteja amelipa shilingi 1,000 na akaunti yake inasoma 2,000. Dawa yake iko kwenye hifadhidata: weka UNIQUE (sharti la kutoruhusu thamani kujirudia) kwenye safu ya namba ya risiti, kisha kuingiza risiti na kuongeza salio vifanyike ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili kimoja kikikataa na kingine kirudi nyuma. Kwa jibu lisilokuja, iweke kazi ya kila dakika chache inayouliza hali ya kila ombi lililoning'inia kwa kutumia CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi) yake. Na kwa kuwa anwani ile iko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote akiijua anaweza kukutumia jibu la uongo. Linganisha kitambulisho na kiasi na ulichoomba, na ukiwa na shaka uliza upya kabla ya kutoa mzigo.

Hakuna hata hatua moja hapo inayobadilika ukihama kutoka Laravel (fremuweki ya PHP) kwenda Next.js. Aliyeielewa ataihamisha kwa wiki moja. Asiyeielewa ataandika kosa lilelile kwa TypeScript, likiwa limepangwa vizuri zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye ripoti. Mfumo unahifadhi saa kwa UTC (saa ya kimataifa), kama Laravel inavyofanya usipoigusa, nasi tuko saa tatu mbele. Mauzo ya saa saba usiku kuamkia tarehe 1 Machi yameandikwa saa nne usiku ya siku ya mwisho ya Februari, na mhasibu anashangaa kwa nini hesabu ya mwezi haikubaliani na ya M-Pesa. Fundi anairekebisha kwa kuweka DATE(CONVERT_TZ(created_at, '+00:00', '+03:00')) kwenye WHERE (sharti la kuchuja), na mwaka mmoja baadaye ukurasa unachukua sekunde ishirini, kwa kuwa safu iliyofungwa ndani ya fanksheni haitumii indeksi yake ya kawaida (orodha inayoharakisha utafutaji). Ukiandika mipaka miwili, kuanzia saa fulani hadi kabla ya saa fulani, ikiwa imeshageuzwa kuwa UTC, indeksi inafanya kazi tena. EXPLAIN, amri ya hifadhidata ya MySQL inayoeleza jinsi swali linavyotekelezwa, ingemwonyesha: neno ALL kwenye safu ya type maana yake jedwali zima linasomwa. Wangapi kati ya wanaojua fremuweki tano wamewahi kuandika EXPLAIN?

Zana za akili mnemba zimeongeza uzito upande huu. Kuandika kijenzi cha React chenye fomu na vitufe sasa ni kazi ya dakika, hata kwa asiyeijua React vizuri. Zana hizo huandika pia msimbo wa kupokea malipo, na huenda msimbo huo ukawa na kosa lile la majibu mawili yanayofika pamoja; ukiusoma unapendeza, na kwenye majaribio ya mtu mmoja unapita. Anayeliona kosa ni yule ambaye ameshapambana na hifadhidata.

Hata soko la nje, ambalo ndilo silaha kuu ya wanaohama, halijawahi kuwa na huruma kwa ujuzi wa juu juu. Septemba 2019, Andela, iliyokuwa ikiwafunza vijana na kuwaunganisha na kampuni za nje, iliwaachisha kazi madevelopa wachanga takriban 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja walikuwa wanataka wenye uzoefu mkubwa zaidi. Sababu iliyotajwa haikuwa upungufu wa fremuweki mpya.

Upande wa kubaki una ugonjwa wake, nao usifichwe. Wapo wanaoita uvivu kuwa ni uzoefu. Mfumo unaoendeshwa na PHP 5.6, ambayo iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, ni mlango ulioachwa wazi. Anayeandika bado mysql_query anatumia fanksheni iliyoondolewa kwenye PHP 7 mwaka 2015, na akiunganisha jina la mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, siku moja mtu ataandika alama ya nukuu pale pa jina na kuondoka na jedwali zima. Kubaki kwenye lugha kunamdai mtu ahame matoleo, atumie PDO (njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata) yenye vigezo vilivyoandaliwa, asimamie vifurushi kwa Composer, aandike majaribio, aweke Git hata kwenye mradi wa mtu mmoja. Fedha zisihifadhiwe kwenye FLOAT (desimali za kukadiria). Ni DECIMAL (desimali zisizokadiriwa) au namba kamili za senti. Asiyefanya hayo, ushauri wa kuhama unamstahili, ingawa atahama na tabia zake.

Kwa mtu mwenye saa kumi kwa wiki za kujifunza, naona saba zikienda kwenye hayo ya msingi na tatu kwenye kipya, mpaka mfumo mmoja alioujenga uwe umepokea fedha za watu halisi kwa miezi kadhaa bila mhasibu kumpigia simu. Akifika hapo na bado anataka kazi ya dola, asianzie kwenye masomo ya kutengeneza orodha ya mambo ya kufanya. Auchukue mfumo uleule, auandike upya kwa TypeScript juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, na jaribio la kwanza kabisa alilolipanga liwe la kutuma jibu moja la malipo mara mbili kwa wakati mmoja na kuangalia salio linasoma ngapi.