Waebrania 6 na Wanaookoka Kila Mkutano

Ukisema mbele ya walokole kwamba aliyeokoka kweli hawezi kupotea, jibu huja haraka: unahubiri "okoka, kisha fanya utakalo". Mtu hufungua Waebrania 6:4-6, na mjadala huishia hapo. Andiko lenyewe ni zito kweli. Linataja watu waliopewa nuru, wakakionja kipawa cha mbinguni, wakafanywa washirika wa Roho Mtakatifu, wakalionja neno zuri la Mungu, kisha wakaanguka.

Wanaosema hao walikuwa waamini kamili hawajatunga kitu. Waraka huohuo, 3:1, unawaita wasomaji wake washirika wa mwito wa mbinguni, na hakuna anayedhani ni ushirika wa nusu. Katika 2:9 Yesu ameionja mauti, wala hakuiramba kwa ncha ya ulimi. Tena, mtu wa kufanywa upya tena hata akatubu ni yule aliyewahi kutubu. Wala si Wapentekoste peke yao: Walutheri katika Ungamo la Augsburg la 1530 waliwakana wanaosema aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu, na Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, 1547, ukafundisha kwamba neema hupotea kwa dhambi ya mauti na kurudishwa kwa kitubio.

Ila andiko lina mwisho, nao husomwa haraka haraka: "haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu." Haiwezekani. Kama kuanguka huku ndiko tunakokuita kurudi nyuma, basi aliyerudi nyuma hana njia. Hata hivyo mhubiri aliyeitumia aya hii asubuhi kumnyamazisha Mkalvini, yaani anayesema aliyeokoka kweli hawezi kupotea, ndiye jioni anayeshika kipaza sauti: "Wewe uliyerudi nyuma, njoo mbele, okoka upya!" Hapo moja lazima liachwe, aya au wito.

Kanisa la kale lililijua tatizo hili kwa uchungu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru watu wote waitolee miungu sadaka na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walikubali, wengine wakanunua hati tu. Mateso yalipotulia wakataka kurudi. Huko Roma, kasisi Novatian akakataa kuwapokea na kanisa likagawanyika mwaka 251. Cyprian, askofu wa Karthago, aliwapokea baada ya muda wa toba. Wafuasi wa Novatian waliishika Waebrania 6 kama ilivyo, na zaidi ya miaka mia baadaye Ambrose, askofu wa Milano, alikuwa bado anawajibu, akisema aya inakataza kubatizwa mara ya pili, haikatazi toba. Unaweza kumwona Novatian mkatili, lakini aliisoma aya mpaka mwisho.

Waarminio makini, yaani wanaofundisha kwamba mwamini anaweza kupotea, nao huisoma mpaka mwisho. Husema anguko hili ni kumkana Kristo kwa makusudi. Si zinaa, si pombe, si kukosa ibada miezi sita. Huo ni usomaji wa haki. Lakini ukiukubali, aya haiwahusu wengi wa wale wanaotishwa nayo.

Tazama kinachotokea uwanjani. Wito unatolewa, watu wanaongozwa sala ya toba, karatasi zinajazwa: jina, simu, mtaa. Binti aliyeanguka dhambini mwezi jana anaandikwa tena miongoni mwa waliookoka. Mkutano ujao, kanisa jingine, anaandikwa tena. Idadi inayotangazwa ina majina yaleyale, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba kila dhambi inamrudisha mlangoni. Hafundishwi kuungama, kurudisha alichoiba, kupatana na aliyemkosea, wala kukaa chini ya nidhamu ya kanisa lake mpaka arudishwe meza ya Bwana. Anafundishwa kuanza upya. Nayo aya ya kwanza ya sura hiyohiyo inasema "tukaze mwendo ili tuufikilie utimilifu, tusiweke msingi tena wa kuzitubia kazi zisizo na uhai". Sura inayotumiwa kumtisha imekataza, aya tatu kabla, hicho hicho anachofanyishwa.

Upande wa pili, wa wanaosema aliyeokoka kweli hawezi kupotea, unasema nini hasa? Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, katika makala zao tano za 1610, waliliacha suala hili wazi, wakitaka lichunguzwe zaidi katika Maandiko. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa makanisa ya Kikalvini huko Uholanzi, 1618–1619, ndiyo iliyolifunga, na ukiisoma hukuti ruhusa ya kufanya utakalo. Inakiri kwamba waamini wanaweza kuanguka vibaya, ikiwataja Daudi na Petro: wakamhuzunisha Roho, wakajeruhi dhamiri, wakapoteza kwa muda hata hisia ya kupendwa na Mungu. Inachokataa ni kwamba Mungu huwaachia mpaka mwisho. Tena huwalinda kwa njia zinazojulikana: Neno, sakramenti, maonyo, hata vitisho. Kwa hiyo Waebrania 6 kwao ni mojawapo ya kamba anazotumia Mungu kuwashikilia walio wake.

Anayeona hapo kuna mchezo, kwamba onyo halina maana kama Mungu ameshaahidi, asome Matendo 27. Malaika amemwahidi Paulo kwamba hapotei mtu hata mmoja kati ya watu 276 walio melini. Mabaharia wanashusha mashua ili watoroke, na Paulo huyohuyo anamwambia akida: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka." Askari wanakata kamba, mashua inaanguka. Onyo lilikuwa la kweli, ahadi ilikuwa ya kweli, na ahadi ilitimia kwa sababu onyo lilisikilizwa.

Wanaostahili lawama ni wale wanaomwambia aliyenyoosha mkono mara moja kwamba ana tiketi, hata akiishi miaka thelathini bila Kristo. Dordrecht isingewatambua. Kwa watu wa namna hiyo upande huu hutaja 1 Yohana 2:19: "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu."

Na hapo ndipo penye udhaifu wa upande huu. Mzee wa kanisa wa miaka ishirini akimkana Kristo, wanasema hakuwahi kuwa wake. Lakini naye alikuwa na uhakika wake, akaimba, akafundisha wengine. Uhakika wako wa leo unatofautianaje na wake? Sinodi inataja ahadi za Mungu, ushuhuda wa Roho na bidii ya dhamiri njema, na wapo waliojichunguza humo mpaka wakakosa usingizi. Mwarminio naye hapati usingizi mzuri zaidi: anajua ameokoka leo, ya kesho hajui.