Redio za Kigoma, boti iliyozama na idadi ya waliokufa

Boti ikizama Ziwa Tanganyika, habari hufika mwalo wa Kibirizi ikiwa na idadi tayari. Mmoja anasema wamekufa 20, mwingine 40, na kufikia magharibi kuna aliyesikia 60. Saa mbili usiku redio ya mjini inasoma kwamba boti imezama, uokoaji unaendelea na idadi haijathibitishwa. Kesho yake vijiweni, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, lawama ni moja: redio zetu ni waoga, zinasubiri Kamanda wa Polisi wa Mkoa afungue mdomo, wakati kila mtu ameshajua mambo yote kwenye WhatsApp.

Lawama hiyo ina ukweli wake, nao nitaufikia. Lakini kwanza nimtetee mhariri wa zamu wa usiku ule, kwa sababu wengi wanaomlaumu hawajawahi kujiuliza hizo 60 zimetoka kwa nani.

Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, Alhamisi ya Septemba 20, 2018. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Usiku wa kwanza miili iliyoopolewa ilikuwa 44. Ijumaa ikavuka 100. Hesabu ilipofungwa, waliokufa walikuwa 228. Kila moja ya namba hizo ilikuwa sahihi kwa saa yake, kwa kuwa ilihesabu miili iliyokwisha kutolewa majini. Kosa lilikuwa kwa aliyesoma 44 kana kwamba ndio mwisho, na kwa aliyetaka kuukimbilia mwisho kwa kutoa walionusurika kutoka jumla aliyoikisia mwenyewe. Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, waokoaji walimtoa fundi wa mitambo ya kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichogeuka. Kwa hesabu ya kukisia, mtu huyo alikuwa maiti tangu Alhamisi. Kama redio ingesema hakuna tena aliye hai mle ndani, kwao wangeanza kupokea rambirambi wakati yeye anapumua.

Hesabu hiyo ilisumbua kwenye kivuko cha Serikali, chenye gati na tiketi. Boti za mbao zinazotoka Kibirizi kwenda Kagunga husimama vijiji vya njiani, Mwamgongo na kwingineko, watu wakishuka na wengine wakipanda. Chombo kikizama baada ya vituo vitatu, ni nani anayejua waliokuwamo? Nahodha akinusurika ana sababu ya kutaja wachache, maana akitaja wengi amekiri kuzidisha abiria. Mwenye boti vilevile. Aliyeogelea hadi ufukweni gizani amesikia vilio pande zote na kwake wote walikuwa wengi mno; hasemi uongo, ila hofu haihesabu. Ndugu waliokusanyika mwaloni wanataja kila ambaye hajarudi, akiwamo aliyeshuka Mwamgongo akalala kwa shemeji yake na simu imezimika chaji. Kila chanzo kinakosea, na kila kimoja kinakosea kuelekea upande wake. Mhariri anayepokea namba nne tofauti kutoka kwa watu wanne wenye sababu nne tofauti, kisha akasema "haijathibitishwa", ametoa taarifa kamili kuliko anayechagua namba kubwa zaidi.

Na ile kanuni ya vyanzo viwili inayofundishwa kila chumba cha habari haitoshi ikichukuliwa juujuu. Watu wawili waliosoma ujumbe uleule kwenye kundi moja la WhatsApp ni chanzo kimoja. Hata watano. Swali la maana ni: umeona, au umeambiwa? Ukiambiwa, na nani? Mwandishi anayepiga simu kwa kiongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, pale mwaloni, kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho karibu na tukio, kwa mganga wa zahanati walikopelekwa majeruhi, akauliza kila mmoja alichokiona kwa macho yake, huyo anathibitisha. Kazi hiyo inakula saa nyingi, hasa ufuko ambao mtandao unashika kwa kubahatisha.

Sasa upande wa pili. Wanaosema redio zinaogopa hawakulizua jambo hilo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaweka faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo. Kwa maandishi yake, kifungu kinamlenga anayejua kuwa taarifa si ya kweli na ana nia ya kupotosha. Lakini kituo kidogo kisicho na mwanasheria hakisomi nia, kinasoma miaka mitatu. Ndipo "tusubiri mamlaka" inapogeuka kuwa sera ya kila siku, hata kwa jambo ambalo mwandishi amelishuhudia mwenyewe, na ofisa mmoja akizima simu habari inazimika pamoja naye. Hapo wananchi wana haki ya kukasirika. Polisi ni chanzo kimoja miongoni mwa vyanzo, tena chenye maslahi pale swali linapokuwa ni nani aliiruhusu boti iondoke ikiwa imejaa.

Tena kukaa kimya nako kunaua. Mei 2015 machafuko ya Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, meli ya MV Liemba ikifanya safari za kuwaleta Kigoma. Mwezi huohuo redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa, hivyo wengi wao hawakuwa na kituo cha nyumbani cha kusikiliza. Watu wakaanza kufa kwa kuhara. Zilipita siku kadhaa kabla maabara haijathibitisha kuwa ni kipindupindu. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa takriban 3,000 na vifo vimepita 30. Katika siku zile, mhariri wa kusubiri neno la mwisho angekuwa hatari kwa wasikilizaji wake.

Hata hivyo tuangalie kilichohitajika kusemwa. Watu wanakufa kwa kuhara Kagunga, majibu ya maabara yanasubiriwa, chemsheni maji. Kila sehemu ya tangazo hilo ingeweza kuthibitishwa siku ya kwanza bila kulitaja jina la ugonjwa. Hapo ndipo naona pande zote mbili zinapokosana bila sababu: msikilizaji anadai haraka, mhariri anadai uhakika, na habari inayosema nani amehesabu, amehesabu nini na hadi saa ngapi inawatosha wote wawili.

Kuna jambo halisemwi vya kutosha katika mjadala huu, nalo ni malipo. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka. Mwandishi akitumia vocha na nauli ya boti kufuatilia uvumi, akakuta si kweli, amewalinda wasikilizaji dhidi ya uongo na hapati kitu. Aliyeuandika uvumi uleule bila kutoka nyumbani analipwa. Kituo kinachotaka usahihi kianze kulipia habari iliyouawa, yaani iliyofuatiliwa kisha isitangazwe, kwa sababu nzuri. Na kikikosea, sahihisho lisomwe katika taarifa ya habari ileile ya saa mbili lilikosomwa kosa, likitaja kosa lenyewe. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinadai kusahihisha, na baraza hilo hupokea malalamiko ya wananchi bila kuwapeleka mahakamani. Wasikilizaji wa Kigoma wanaochukia uzembe wana mlango huo pia.

Kuhusu boti, kazi ya redio haianzi siku ya ajali. Kama kila anayepanda Kibirizi angeandikwa na nakala ikabaki nchi kavu, na wanaoshuka na kupanda njiani wakaandikwa vilevile, mhariri wa zamu angekuwa na namba ya kuanzia katika saa ya kwanza. Mwandishi anaweza kwenda mwaloni asubuhi yoyote ile, ziwa likiwa shwari, akauliza ni boti zipi zimeondoka na orodha ya abiria, nakala iko kwa nani, na zile zilizoondoka bila orodha ziliruhusiwa na nani.