Insha za kukariri JSS: tuzitupe ama tuzishike?

Kuna mjadala unarudi kila muhula kati ya walimu wa Kiswahili na wazazi hapa Kisumu, na nikiongea na wenzangu wa Nakuru na Kakamega napata huko pia ni ule ule. Kuna wale wanasema watoto wa JSS, yaani sekondari ya chini, waache kukariri mapambo ya insha waandike kwa maneno yao wenyewe, na kuna wale wanasema ukimnyang'anya mtoto hayo mapambo utabaki na mtoto ameshika kalamu anaangalia dirisha mpaka kengele ilie. Mimi nafundisha Kiswahili Gredi ya 7 hadi 9, na kusema ukweli kila upande una jambo la maana, ila naona wote wanabishana wakiacha kando kitu kikubwa zaidi.

Mtu yeyote amesomea Kenya anayajua hayo mapambo. Jua limechomoza na miale yake ya dhahabu, ndege wanaimba kumtukuza Mola, nikarauka alfajiri na mapema, nikapiga moyo konde, nikatimua mbio kama swara, chambilecho wahenga. Watoto wanayaandika nyuma ya daftari, wengine wananunua vijitabu, wanayameza yote. Na haya mambo hayakuanza tu hivi hivi. Wakati wa KCPE, ule mtihani wa kitaifa wa Darasa la 8, insha ilikuwa dakika 40 na alama 40, mtoto anapewa mwanzo ama kichwa, huko mbele msahihishaji ana rundo la karatasi na hawezi kukaa na ya kila mtu, kwa hivyo ukimrushia msamiati mzito kwa aya ya kwanza umejiweka pazuri. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023 lakini mazoea yana taabu, walimu ni wale wale, vijitabu bado viko dukani, na mzazi aliyefundishwa hivyo anataka mtoto wake pia afundishwe hivyo.

Wacha niwaonyeshe vile inakaa kwa daftari. Niliwapa Gredi ya 8 waandike juu ya mgeni aliyewatembelea nyumbani. Msichana mmoja, mwenye bidii sana, akaanza na jua na miale, ndege wakaimba, kisha mgeni akafika "kwenye kasri letu la kifahari". Aya mbili nzima hakuna kitu, hiyo ingeweza kuwa insha ya moto shuleni ama ya siku ya michezo, haingebadilika hata neno. Halafu kwa aya ya tatu, ni kama alichoka kupamba, akaandika hivi: "Nyanya alikuwa ameweka omena kwa sufuria akaisahau kwa sababu alikuwa anasikiza matangazo ya vifo kwa redio, mgeni ndiye alisikia harufu ya kuungua akanyamaza kwa heshima." Nilisoma hiyo sentensi nikairudia. Mgeni amenusa chakula kinaungua na heshima haimruhusu kusema, hiyo ni hadithi, na hakuna kijitabu kinauzwa mahali popote kina hiyo. Sasa ukifuata vile wengi wetu husahihisha, hapo ungeweka kalamu nyekundu kwa "anasikiza" uandike "anasikiliza", kule juu kwa kasri uweke alama ya vyema, basi uchukue daftari lingine. Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kasri inalipa na omena inakatwa alama.

Hiyo ndio hoja kali ya wale wanataka mapambo yaishe, na mimi nakubaliana nayo sehemu kubwa. Maneno ya kuazima yanamfundisha mtoto kwamba maisha yake hayatoshi kuandikwa, kwamba Kiswahili sanifu ni cha watu wengine wanaoishi kwa kasri na kurauka alfajiri, si cha nyumba ya mabati pale Nyalenda ama Kaptembwo. Tena anayatumia bila kuyaelewa, unapata mtu "anaabiri" bodaboda kwenda kwa posho mill.

Lakini sasa upande ule mwingine usichukuliwe ni wa walimu wavivu, hapana. Mtoto wa Vihiga ama Nyakach anaongea lugha ya mama nyumbani, akitoka nje anaongea Kiswahili cha barabara kilichochanganywa na sheng, darasani masomo mengi ni kwa Kiingereza, kwa hivyo Kiswahili cha kuandikwa anakutana nacho kwa vipindi 4 kwa wiki, vya dakika 40, na hivyo vipindi 4 ndivyo vya kusikiliza, kusoma, sarufi na kuandika zote pamoja. Huyo mtoto atatoa wapi maneno? Mtoto wa Mombasa amezaliwa akisikia misemo kila siku, huyu wetu lazima apewe. Na kupewa kwa kukariri si aibu, fasihi yetu yote imejengwa hivyo, methali hukaririwa, kitendawili hukaririwa, hata anayejifunza tarbia, lile shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, anaanza kwa kuiga mishororo ya wengine, mizani nane kwa nane, mpaka sikio lake lizoee ndio aanze kutunga yake. Nimeona watoto ambao bila ule mwanzo wa jua na ndege hawangeandika hata mstari mmoja, ule mwanzo ndio unawapa ujasiri wa kuingia kwa ukurasa.

Na kuna jambo lingine ambalo hawa wa "andika kwa maneno yako" hawalifikirii sana. Ukimwambia mtoto wa miaka 13 aandike ukweli wa maisha yake, anaweza kukuandikia kweli. Unampa kichwa kama "Siku niliyohuzunika zaidi" ukitegemea kufiwa na mbwa, anakuletea vile baba alimpiga mama usiku wakalala kwa jirani. Daftari hilo linakusanywa na kiongozi wa darasa, linakaa kwa meza ya staff room, wenzake wanafungua. Kuna watoto mapambo yamewafichia mambo yao ya nyumbani, mtoto anaandika kasri kwa sababu hataki mtu yeyote ajue analala wapi, na hiyo ni haki yake. Kwa hivyo mwalimu akitaka insha za ukweli lazima kwanza ajipange, kichwa kiwe na mlango wa kutokea, mtoto aweze kuandika juu ya soko ama mechi ama mvua ya jana, na daftari zisomwe na yeye peke yake. Mimi siku hizi sipeani kabisa vichwa vya huzuni.

Sasa nije kwa hicho kitu kikubwa. Iwe ni mapambo ama ni maneno yake mwenyewe, mtoto wetu anaandika mara moja, anapata alama, anafungua ukurasa mpya anaandika ingine. Hakuna mahali anarudi. Insha ya wiki jana imekufa hapo, makosa yake yamezikwa nayo, na wiki ijayo yanafufuka vile vile. Mtoto anaweza kufika mwisho wa mwaka ameandika insha nyingi sana na ile ya mwisho haina tofauti na ya kwanza. Kuandika hujengwa pale unaporudia, unapoambiwa toa hii, anza hapa, hapa sijaelewa, halafu wewe unakaa chini unaandika tena.

Yule msichana nilimwita nikamwambia, mama, hii insha yako inaanzia kwa sufuria, niondolee jua na ndege, anza na nyanya na redio. Aliniangalia ni kama nimemwambia avue uniform. Akauliza, "Mwalimu, na mapambo nitaweka wapi?" Nikamwambia aweke mbili tu, mahali anaona zinasaidia. Aliporudisha, ile "piga moyo konde" ilikuwa imehamia kwa mgeni, kwamba mgeni alipiga moyo konde akamwambia nyanya kwamba kuna kitu kinaungua. Yaani msemo ule ule wa kukariri, sasa umepata kazi. Hapo ndio niliacha kubishana na mtu kama mapambo ni mazuri ama mabaya.

Najua jibu la mwalimu mwenzangu ni gani, nalisikia kila siku. Muda utatoka wapi? Chukua shule yenye strimu 3 za watoto 50, hizo ni daftari 150, ukipea kila moja dakika 5 tu ni saa 12 na nusu, na hiyo ni insha moja, bado hujatayarisha somo, bado hujafundisha hilo somo lingine ulipewa kwa sababu shule haina mwalimu wake. Wengine wetu wameanza kazi wakiwa intern wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, 2024 waligoma wakitaka waajiriwe, huwezi kumwambia mtu kama huyo abebe daftari 150 nyumbani mara mbili. Hii hoja siipuuzi hata kidogo, naiishi.

Ndio maana nasema idadi ipungue. Badala ya insha kila wiki, ziwe chache na kila moja iandikwe mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu haweki alama yoyote, anasoma strimu moja kwa wiki, anaandika mstari mmoja chini, kitu kimoja cha kurekebisha, basi, hijai na alama za uakifishaji zinangoja. Hao wengine wanasomeana wawili wawili kwa sauti, na hapo utashangaa, mtoto akisoma kazi yake kwa sauti anasikia mwenyewe mahali imekwama. Mara ya pili ndio unasahihisha na alama. Hii pia inasaidia na ile shida mpya ya simu, watoto wanaopiga picha ya swali na AI inawaandikia insha safi kabisa, kwa sababu ukimwambia aibadilishe hapo darasani mbele yako, ambaye hakuandika anajulikana mara moja.

Kwa upande wa kusoma niseme kidogo, ingawa ndio mzizi. Programu ya Tusome ilipoenea nchi nzima 2015 ilileta kitabu kwa kila mtoto wa madarasa ya chini, Kiswahili na Kiingereza, na watoto walisoma. Wakishavuka hapo wanabaki na vitabu vya kiada, hadithi za kusoma tu kwa raha hakuna. Halafu sisi tunawapa homuwaki ya "soma hadithi uandike muhtasari, mzazi aweke sahihi". Hadithi gani? Mwenye kukaa karibu na mji ana bahati, maktaba ya umma iko Kisumu, iko Nakuru, iko Kakamega, mtoto anaweza kwenda Jumamosi. Yule wa ndani ndani ananakili muhtasari wa rafiki yake na mzazi anaweka sahihi kwa sababu ameambiwa aweke. Afadhali mwalimu achukue gazeti moja la Taifa Leo, hata la wiki jana, awasomee ukurasa mmoja kwa dakika 10 kabla waandike, na waandike kwa kufuata ule ukurasa. Ama wakae kwa chama cha mama zao wasikilize, waandike kumbukumbu za mkutano. Huku kwetu kila mtoto amehudhuria matanga akasikia wasifu wa marehemu ukisomwa, mwingi umeandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana wa shule, hiyo ni kazi ya kuandika yenye watu wanaingoja, na sijawahi kuona mtoto akiuliza aweke mapambo gani hapo.

Kizuizi ambacho bado sijapata jibu lake kamili ni wazazi na wakaguzi. Mzazi akifungua daftari akapata insha chache anasema mwalimu hafanyi kazi, na mkaguzi naye anahesabu. Siwalaumu, hesabu ni rahisi kuona. Tena sasa alama za mwisho wa JSS zina uzito, KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ni asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 ni 20 na zile tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, kwa hivyo mzazi ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ninachowaomba wazazi ni mkija siku ya mkutano msihesabu, fungueni insha moja mtafute toleo la kwanza na la pili, muone kama kuna kitu kimebadilika katikati, halafu mwambie mtoto awasomee la pili.

Kwangu muhula ujao tutaandika insha nne peke yake. Mapambo yataendelea kufundishwa kama kawaida, na kila mtoto atachagua mwenyewe yapi yanabaki kwa toleo la pili na anieleze sababu. Mzazi ambaye ataona ni chache namkaribisha darasani, aje Alhamisi asubuhi wakati wanasomeana.