Jela ni jela, barabara ni barabara

Taa ya nyuma ya gari imeungua. Askari wa kaunti anakusimamisha, anachungulia dirishani, anaomba leseni. Ugomvi mkubwa Marekani ni kuhusu swali linalofuata: je, akuulize na makaratasi ya uhamiaji?

Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu. Lakini kifungu cha 287(g) cha sheria ya uhamiaji, kilichopitishwa 1996, kinamruhusu sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kuingia mkataba na ICE, idara ya serikali kuu inayokamata na kufukuza wahamiaji, ili askari wake wafanye sehemu ya kazi hiyo, ama ndani ya jela ama barabarani. Mikataba ya barabarani iliachwa 2012. Utawala wa Trump ukaifufua 2025.

Watetezi wa mikataba hii wana hoja ambayo sisi wenye ndugu huko tunaipita haraka mno. Aliyekamatwa kwa jinai yuko ndani tayari, na alama zake za vidole zimeshafika serikali kuu. Kumpokea mlangoni mwa jela ni afadhali kuliko kumvamia nyumbani alfajiri, watoto wakitazama, na kuondoka pia na binamu aliyelala sebuleni. Mwaka 2015, jela ya San Francisco ilimwachia mtu aliyekwisha kufukuzwa nchini mara tano, ombi la ICE la kumshikilia likawekwa kando. Miezi michache baadaye risasi kutoka mkononi mwake ilimuua Kate Steinle. Mahakama ilimwondolea mashtaka ya kuua, lakini swali la kwa nini aliachiwa halikuondoka.

Hata jelani kuna mipaka. Mwaka 2014, mahakama iliona kwamba kaunti ya Clackamas, Oregon, ilivunja Katiba kwa kumshikilia mwanamke kwa ombi la ICE tu, bila hati ya hakimu. Hati ikiwapo, mimi sina ubishi.

Barabarani hapana. Kaunti ya Maricopa, Arizona, ilishajaribu chini ya sherifu Joe Arpaio, na 2013 jaji akakuta askari wake wakiwasimamisha Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa sura zao. Mtaa ukishajua hivyo, nani atapiga 911, namba ya kuita polisi?

Bunge la Marekani lenyewe lililiona hili. Tangu 2000 kuna viza ya U, ya mhamiaji aliyedhurika na uhalifu akawasaidia polisi. Mke aliyepigwa anaweza kuiomba hata kama hana makaratasi, ila fomu yake lazima ithibitishwe na chombo cha dola kinachoshughulikia kesi, mara nyingi polisi au sherifu. Yaani aende akagonge mlango uleule uliotia saini na ICE.