Elektro ndani ya ambulansi: Lubumbashi ianzie wapi?
Mtu akibanwa na kifua usiku kule Katuba au Ruashi, nyumbani watasema ni gesi, au gastriti. Atapewa maji ya moto, ataambiwa alale. Ndiyo maana wapo wanaotaka waokoaji wa ambulansi wabebe mashine ya elektro (ECG, inayochora umeme wa moyo), wausome moyo palepale kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali ya Sendwe. Naunga mkono, lakini si kwa mpangilio huo.

Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na bonge la damu, msuli huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na huendelea kufa kwa saa kadhaa. Elektro yenyewe ni ya dakika chache: vibandiko 10, sita kifuani, vinne mikononi na miguuni, karatasi inatoka. Mstari wa ST, kipande cha mchoro kinachopanda mshipa ukiziba, ukiwa umepanda, simu inapigwa na mganga anajiandaa mapema. Ufaransa, SAMU, huduma yao ya dharura, hupeleka daktari ndani ya ambulansi, na dawa ya kuyeyusha bonge huweza kuchomwa hata kabla ya hospitali.

Ila karatasi haitibu. Miongozo inasema mshipa usipoweza kufunguliwa kwa puto dogo linaloingizwa ndani yake katika dakika 120, mgonjwa apewe dawa hiyo ya kuyeyusha. Ni ghali, na ni ya hatari: karibu mmoja kati ya 100 huvuja damu kichwani. Hospitali isipokuwa nayo usiku huo, dakika zilizookolewa njiani zinaishia mlangoni, ndugu wakihangaika kuchanga pesa. Tena elektro ya kwanza inaweza kutoka safi huku shambulio la moyo linaendelea. Na mama mwenye kisukari huenda asiumwe kifua kabisa. Analalamika pumzi fupi na jasho la baridi. Huyo nani atamwitia ambulansi?

Wengi wetu tunafika hospitali kwa taksi au moto (pikipiki). Kwa hiyo elektro ya kwanza ningeiweka kituo cha afya cha mtaani, yenye betri kwa sababu umeme unakatika, na muuguzi aliyefunzwa kutuma picha ya karatasi kwa mganga wa moyo kwa WhatsApp. Hapo hapo, aspirini miligramu 300 ya kutafuna, kama mgonjwa havuji damu wala haimdhuru. Bei yake haimshindi mtu. Ambulansi zifuate, zikiwa zinajua hospitali ipi ina dawa ya kuyeyusha usiku huo.