Papa wa Bibi, Marmite ya Mjukuu

Binti yangu ana miaka saba, na asubuhi yake haianzi bila mkate wa kuchoma uliopakwa siagi, kisha ukapitishwa kisu chenye Marmite, rojo jeusi lenye chumvi la kupaka mkate. Mama yangu alipokuja Leicester kututembelea kutoka Unguja, siku ya pili tu alikifungua kile kichupa cheusi chenye kifuniko cha manjano, akanusa, akakifunga upesi. "Mwanangu, hiki kimechacha. Mtoto ataumwa na tumbo." Ijumaa yake akapika papa wa nazi, kwa papa mkavu aliyekuja naye sandukuni. Mjukuu akatoka jikoni mbio, pua ameifunika kwa kola ya shati la shule. "Bibi anapika kitu kilichooza!"

Nilikuwa katikati yao, na wote wawili walikuwa wakisema kweli ya pua zao.

Waingereza wana jibu lao tayari kwa jambo kama hili. Tangu 1996 Marmite hutangazwa kwa maneno mafupi: ama uipende, ama uichukie. Maneno hayo yametoka jikoni yakaingia katika lugha. Mwanasiasa, mtangazaji au hata jengo linalogawa watu huitwa "Marmite" na kila mtu ameelewa. Ndani yake mna dai, kwamba ulimi umekwisha kuamua kabla yako, nawe kazi yako ni kutangaza tu uko kundi gani. Mimi dai hilo silikubali. Lakini lina hoja zake, na hoja zenyewe si za kutupwa.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wetu tumekiona madukani bila kujua ni nini. Kiwanda cha bia kikimaliza kuchachusha hubaki na lundo la hamira iliyomaliza kazi yake, ndugu wa hamira hii tunayotia kwenye maandazi. Katika karne ya 19 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha kuwa mabaki hayo yanaweza kukolezwa yakawa chakula. Mwaka 1902 ikaanzishwa kampuni huko Burton upon Trent, mji wa viwanda vya bia, ikawa inachukua hamira kutoka kwa jirani yake, kiwanda cha bia cha Bass. Hamira hutiwa chumvi na kupashwa moto, seli zake zikafa na kujimeng'enya zenyewe, maganda yakachujwa, na kinachobaki kikachemshwa hadi kiwe rojo zito jeusi. Jina ni la Kifaransa, maana yake sufuria ya kupikia, na sufuria hiyo bado imechorwa kwenye lebo. Undugu wake na bia ni wa kweli kabisa: mwaka 2020, baa za Uingereza zilipofungwa kwa ajili ya korona na bia ikapikwa kidogo, hamira ilipungua hadi watengenezaji wakasimamisha chupa za vipimo vyote isipokuwa ya gramu 250.

Katika nyumba kama yetu swali la kwanza lilizuka hapo, kabla hatujafika kwenye ladha. "Umesema bia?" mama aliuliza. Wanazuoni hawana kauli moja. Wako wanaosema hamira iliyotenganishwa na kileo na kugeuzwa kitu kingine imetoka katika hukumu ya asili yake, na wako wanaosema asili haifutiki. Vegemite, ndugu yake wa Australia, imepata cheti cha halali. Sisi tumeshika kauli ya wanaoruhusu. Anayejizuia kwa ajili ya dini yake simtii kabisa katika mjadala huu wa ndimi, kwa sababu yeye hakusema hakipendi. Amesema hakimhusu, na hilo limekwisha.

Sasa hoja ya wanaosema mtu huzaliwa na ulimi wake. Mwaka 1931 mwanakemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont, Marekani, alikuwa maabarani akihamisha unga wa kemikali, unga ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kuwa kinywa kimejaa uchungu. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na unga ule, hakuonja kitu. Walipowapima watu wengine ikabainika kuwa kundi moja huusikia uchungu wa kemikali ile na jingine haliusikii, na tofauti hiyo hurithiwa. Leo inajulikana kuwa sehemu yake kubwa inatoka kwenye jeni moja, TAS2R38. Maana yake ni nzito: watu wawili wakiketi kwenye sinia moja, huenda hawali chakula kimoja. Marmite ina uchungu wake, na chumvi yake ni takriban gramu 10 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo mtu akikwambia kinamkwaruza ulimi, usimwambie anadeka. Huenda ulimi wake unasikia kisichosikika kwenye wako.

Hadi hapo niko nao. Ninapoachana nao ni pale wanaporuka kutoka kwenye uchungu wa kemikali moja hadi kwenye mataifa mawili ya wanadamu, wa Marmite na wasio wa Marmite. Mwaka 2017 mruko huo ulifanywa hadharani. Kampuni ya DNAfit ilifanya utafiti wa vinasaba kwa agizo la wenye Marmite, ikasema imepata alama za vinasaba zinazohusiana na kuipenda au kuichukia, na vifaa vya kujipima vikauzwa sambamba na tangazo. Utafiti ukiagizwa na muuzaji, kisha jibu lake likafanana na kauli aliyouzia bidhaa kwa zaidi ya miaka 20, mimi nitatafuta ushahidi kwingine.

Nimeupata Australia. Marmite ilikuwa imefika huko kutoka Uingereza na watu wakaizoea. Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga usafirishaji. Mwaka 1922 mfanyabiashara wa Melbourne, Fred Walker, alimpa kijana mwanakemia aitwaye Cyril Callister kazi ya kutengeneza rojo la aina hiyo kwa hamira ya viwanda vya bia vya hapohapo. Mwaka uliofuata Vegemite ikaingia madukani. Watu wakaipita. Waliotaka rojo la hamira walitaka lile la Uingereza walilolizoea, na hii ya nyumbani wakaiona haifai. Mauzo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 1928 Walker alibadilisha jina, akaiita Parwill. Jina nalo halikuivusha. Mwaka 1935 la zamani likarudishwa. Ikafikia kugawiwa bure kwa wanunuzi wa jibini ya kampuni hiyohiyo.

Kisha mambo matatu yakafuatana. Mwaka 1939 Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali kuwa chanzo kizuri cha vitamini B, na madaktari wakaanza kuwapendekezea kina mama. Vita vya Pili vikaja, ikatiwa katika posho ya askari. Na mwaka 1954 redio ikaanza kupiga wimbo wa tangazo wenye sauti za watoto wachangamfu, wimbo ambao Waaustralia wazee bado wanaujua kwa moyo. Ndani ya kizazi kimoja kitu kilichododa dukani kikawa alama ya taifa, na Muaustralia anayehamia London hukibeba kama sisi tunavyobeba pilipili ya kupaka na papa.

Nauliza kwa dhati: kati ya 1923 na 1954 ni jeni gani ya Waaustralia iliyobadilika? Hakuna. Kilichobadilika ni kwamba mtoto wa 1954 aliikuta mezani, mkononi mwa mama yake, kabla hajajua kusema hapana. Wazee wetu walishasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sayansi imewafuata nyuma. Mwaka 2001 mtafiti Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walichapisha matokeo ya jaribio kwa kina mama waliokunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kupewa uji uliokorogwa kwa maji ya karoti, hawakukunja uso kama watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ulimi huanza darasa mapema kuliko tunavyodhani.

New Zealand inanipa hoja nyingine, na hii naiona ina nguvu kuliko zote. Huko nako kuna Marmite, lakini ni ya kampuni ya Sanitarium, ina mapishi yake, ni tamutamu kidogo kuliko ya Uingereza. Kiwanda chake cha Christchurch kiliathiriwa na tetemeko la 2011 kikasimama, na mwaka 2012 chupa zikaadimika nchi nzima hadi watu wakauziana mtandaoni kwa bei za kushangaza. Ilirudi madukani Machi 2013. Watu hao wanaoililia Marmite yao, wengi wao ukiwapa ya Uingereza wanaisukuma pembeni. Muingereza naye hivyohivyo kwa ya kwao. Jina moja, hamira ileile, na kila mmoja anaapa kuwa ya mwenzake siyo. Kama kungekuwa na ulimi wa Marmite anaozaliwa nao mtu, ungeitambua kwenye chupa zote mbili.

Liko pia suala la kipimo, ambalo wengi wanaojiita wachukiaji hawakulipa nafasi. Utamu wa Marmite unatokana na glutamati, kitu ambacho Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Tokyo alikitenga kutoka kwenye mwani wa kombu mwaka 1908, na ladha yake akaiita umami. Sisi tunakijua bila jina: ni ule utamu wa mchuzi ulioiva, wa supu ya mifupa iliyochemka usiku kucha, wa nyanya iliyokaangwa hadi mafuta yakajitenga. Vidonge vya mchuzi vinavyouzwa maduka ya mtaani kwetu hufanya kazi yake kwa kitu hichohicho. Lakini hakuna anayetafuna kidonge cha mchuzi. Mgeni anapoona rojo linang'aa kama asali ya miwa, hulipaka kama jamu, na kinachompata ni kilekile ambacho kingempata kwa kutafuna kidonge. Kipimo chake ni kisu kilichoguswa tu, juu ya siagi nyingi, mkate ukiwa bado na moto.

Sri Lanka wana njia nyingine. Marmite ilitumika huko kuwasaidia wenye utapiamlo wakati wa janga la malaria la 1934 na 1935, muda mfupi baada ya daktari Lucy Wills kuonyesha mjini Bombay kuwa iliwaponya wajawazito wenye upungufu wa damu. Kilichokuwa kikifanya kazi ndani yake ndicho tunachokiita leo foliki asidi. Hadi sasa wapo wanaoikoroga kwenye maji ya moto na kuikamulia ndimu, wakainywa kama supu.

Kwa nini nimelishikilia jambo dogo la kupaka mkate? Kwa sababu ile kauli ya "ipende au ichukie" ni mchezo salama kwa mwenye nchi tu. Muingereza akisema Marmite inanuka, watu wanacheka naye. Ni chakula chake, hakuna anayemtilia shaka yeye wala mama yake. Neno hilohilo likielekezwa kwenye chakula cha mgeni huwa hukumu. Mtoto anayefungua kibweta chake cha chakula shuleni na mwenzake akaziba pua haambiwi kuwa yuko kundi la pili la wapendao na wachukiao. Anaambiwa kwao kunanuka. Na mtoto huyo kesho ataomba mkate mtupu. Binti yangu hakuzaliwa akiwa na pua inayomkataa papa. Tulimlea mji usio na papa, katika ghorofa ambayo jirani hugonga mlango harufu ikitoka, nasi tukawa tunapika kuku. Hilo ni letu sisi wazazi, wala silisukumii vinasaba.

Yapo ya kunipinga, na nayakubali. Kwamba kitu hufundishika haina maana kila mtu afundishwe. Chakula cha kulazimishwa huzaa kinyaa cha maisha; nina ndugu yangu ambaye hadi leo hawezi kukaa karibu na mlenda kwa sababu alikuwa akishikiwa kijiko. Mtu mzima aliyeonja kwa kipimo chake, mara kadhaa, akasema hapana, aachwe na hapana yake. Ninachokataa ni hapana inayotolewa kabla ya kuonja, kwa sababu tangazo au darasa limeshampa mtu kundi.

Kabla mama hajaondoka nilimkorogea Marmite kwa njia ya Sri Lanka: nusu kijiko cha chai, maji ya moto, ndimu, pilipili manga kidogo. Alikunywa taratibu, akaweka kikombe chini. "Hii supu," alisema. "Ya mifupa?" Kwenye mkate bado haitaki. Kipande cha papa alichoniachia kimo kabatini, kimefungwa karatasi tatu. Kila Ijumaa nakata kidogo, nampikia binti yangu wali, na pembeni namwekea kijiko kimoja cha mchuzi wake. Wiki iliyopita alichovya uma, akaunusa, akaurudisha kwenye sahani. Hakuziba pua.